Chumvi, naitrojeni na kimeng'enya cha nitrati kwenye miche ya mahindi: mwongozo kamili wa jaribio

Karibu kila anayechunguza athari za chumvi kwenye mazao huanza na urefu wa mche na uzito wa majani. Si vibaya, ila vipimo hivyo vinakuambia tu kwamba mmea umeumia. Ukitaka kujua umeumia wapi, inabidi uingie ndani ya jani, na kwa nafaka mlango ulio rahisi ni kimeng'enya kiitwacho nitrati reduktasi. Kukipima hakuhitaji maabara ya kifahari. Ukiwa na mizani nzuri, kipima pH, beseni la maji moto na spektrofotomita ya kawaida, umeshafika.

Jaribio ninaloeleza hapa lina viwango vitatu vya chumvi na vyanzo viwili vya naitrojeni. Mmea ni mahindi, kwa sababu jani lake ni pana, kimeng'enya kimo kwa wingi, na mahindi ni dhaifu mbele ya chumvi. Katika viwango vilivyochapishwa na Maas na Hoffman mwaka 1977, ambavyo hadi leo ndivyo vinavyotumika zaidi, mavuno ya mahindi huanza kushuka chumvi ya udongo ikipita 1.7 dS/m (desisimens kwa mita, kipimo cha jinsi maji ya udongo yanavyopitisha umeme; chumvi ikizidi, namba hupanda). Mpunga ni 3.0, ngano 6.0, na shayiri 8.0. Udongo huitwa wa chumvi rasmi unapopita 4 dS/m, kwa hiyo mahindi huwa yameanza kuumia kabla udongo haujapewa jina hilo.

Kimeng'enya kinafanya nini, na chumvi inaingilia wapi

Mzizi hunyonya naitrojeni kwa sura mbili kubwa, nitrati na amoniamu. Nitrati haitumiki ilivyo. Nitrati reduktasi huigeuza kuwa nitriti, kisha kimeng'enya kingine kilichomo ndani ya kloroplasti huigeuza nitriti kuwa amoniamu. Hapo glutamini sinthetasi huishika amoniamu na kuiunga na glutamati, na kazi ya kujenga protini inaanza. Mmea uliopewa amoniamu moja kwa moja umeruka hatua mbili za mwanzo.

Nitrati reduktasi ina tabia ambazo usipozijua zitakuharibia jaribio. Mmea huitengeneza kwa wingi pale tu nitrati inapoufikia. Haidumu, huvunjwa ndani ya saa chache na kutengenezwa upya. Giza likiingia huzimwa ndani ya dakika, maana hutiwa fosfeti na protini nyingine ikaja kuishikilia isifanye kazi. Tena ina molibdenamu katikati yake, hivyo mche uliokosa madini hayo hautakuwa na kitu cha kupima hata ukiupa nitrati ya kutosha.

Chumvi huingilia kwa njia zaidi ya moja. Kloridi hushindana na nitrati kwenye kuta za mizizi. Mmea ulio kwenye chumvi huvuta maji kidogo, na nitrati husafiri kwenda kwenye jani pamoja na maji hayo. Sodiamu nayo ikijaa ndani ya seli huvuruga vimeng'enya vyenyewe. Basi ukikuta nitrati reduktasi imeshuka, swali ni hili: malighafi haikufika kiwandani, au kiwanda chenyewe kimesimama? Ripoti nyingi za wanafunzi huishia kuandika "chumvi ilipunguza utendaji wa kimeng'enya" na swali hilo halijibiwi. Lina jibu, na jibu linagharimu mirija michache ya ziada tu. Mirija hiyo iko kwenye upimaji, na jibu lake kwenye kusoma matokeo.

Hatua ya 1: Mchanga, makopo na mbegu

Tumia mchanga wa mto wa chembe za kati. Mchanga wa pwani achana nao, umejaa kloridi na vipande vya kombe vinavyopandisha pH. Uoshe kwa maji hadi yatoke meupe, uloweke usiku kucha kwenye asidi hidrokloriki hafifu ya asilimia 1 au 2, kisha uusuuze kwa maji yaliyochujwa chumvi mpaka maji yanayotoka yafanane pH na yale unayomimina. Makopo ya lita moja yanatosha, kila moja likiwa na matundu chini. Matundu ni lazima, kwa sababu kumwagilia kwenyewe kutakuwa ni kwa kufurika.

Hesabu ya makopo ni vyanzo viwili mara viwango vitatu mara marudio manne, yaani makopo 24. Yapange kwa kura, na uyahamishe nafasi kila baada ya siku mbili. Kopo lililokaa karibu na dirisha muda wote litakuwa na nitrati reduktasi kubwa kwa sababu ya mwanga tu.

Mbegu za dukani mara nyingi zina rangi ya dawa ya kuvu. Zisuuze vizuri, uziloweke saa sita, panda nne kwa kila kopo, na baadaye bakiza miche miwili inayolingana. Siku tano za kwanza zipe maji matupu yenye salfeti ya kalisi kidogo. Mche bado unakula akiba ya mbegu.

Hatua ya 2: Mimumunyo miwili inayotofautiana kwa chanzo cha naitrojeni

Kosa la kwanza ninaloliangalia katika majaribio ya aina hii ni chanzo cha amoniamu. Watu huchukua kloridi ya amoniamu kwa kuwa ndiyo iliyopo kabatini, na hapo wanakuwa wameuongezea kloridi mmea ambao wanataka kuupima kwa chumvi ya kloridi. Tumia salfeti. Mapishi haya ni ya lita moja, na yote mawili yana 5 mM (milimoli kwa lita) za naitrojeni, 2.5 mM za potasiamu na 4 mM za kalisi.

Mmumunyo wa nitrati:
- nitrati ya kalisi (yenye molekuli nne za maji) 0.472 g
- nitrati ya potasiamu 0.101 g
- salfeti ya potasiamu 0.087 g
- salfeti ya kalisi (jasi, yenye molekuli mbili za maji) 0.344 g

Mmumunyo wa amoniamu:
- salfeti ya amoniamu 0.330 g
- salfeti ya potasiamu 0.174 g
- salfeti ya kalisi 0.689 g

Kila mmoja uongezewe fosfeti ya potasiamu (KH2PO4) 0.068 g, salfeti ya magnesi (yenye molekuli saba za maji) 0.247 g, chuma kilichofungwa na EDTA (kemikali inayokizuia kisigande), na madini madogo ya kawaida: boroni, manganizi, zinki, shaba na, tafadhali, molibdenamu. Salfeti ya kalisi huyeyuka polepole. Ianze mapema na uikoroge kwa muda.

Kalisi nimeiweka juu makusudi. Mmea uliopewa kloridi ya sodiamu nyingi na kalisi kidogo huharibika utando wa mizizi kwa namna ambayo shambani ni nadra kuiona, na matokeo yake utayahesabu kuwa ya chumvi kumbe ni njaa ya kalisi.

Sasa pH. Mzizi unaonyonya amoniamu hutoa asidi. Unaonyonya nitrati hupandisha pH. Ukiacha makopo yajiendee, baada ya siku chache unalinganisha mizizi iliyo kwenye pH 4 na iliyo kwenye pH 7, na naitrojeni inakuwa kisingizio. Rekebisha mmumunyo uwe pH 6.0 kila unapoutengeneza, na kila siku mwagilia kopo mpaka maji ya zamani yatoke yote chini. Pima pH ya yale yanayotoka. Yakishuka chini ya 5.5 kwenye makopo ya amoniamu, mwagilia mara mbili kwa siku. Mwagilio huo unasaidia na jambo la pili: bakteria wa mchangani hugeuza amoniamu kuwa nitrati. Ukikuta kimeng'enya kingi kwenye kundi la amoniamu, kabla hujashangilia pima nitrati kwenye maji yanayotoka.

Hatua ya 3: Kuingiza chumvi

Viwango vya mahindi ni 0, 50 na 100 mM za kloridi ya sodiamu ya maabara, yaani 2.92 g na 5.84 g kwa lita. 50 mM hufika karibu 5 dS/m, na 100 mM karibu 10, ukiacha zile za virutubisho. Kwa mpunga punguza hadi 30 na 60. Kwa shayiri unaweza kufika 150.

Usimwage kiwango chote siku moja. Anza jani la tatu linapochomoza, ukiongeza 25 mM kwa siku hadi ufike, la sivyo utakuwa umepima mshtuko wa kukosa maji badala ya chumvi. Panga tarehe ili makundi yote mawili yenye chumvi yafikie kiwango chake cha mwisho siku ileile, maana yake kundi la 50 lianze siku mbili baada ya kundi la 100. Kutoka siku hiyo hesabu saa 24 kwa sampuli ya kwanza, na siku saba kwa ya pili. Sampuli mbili ni muhimu. Ya kwanza inaonyesha kilichotokea kwenye usafirishaji wa nitrati, ya pili inaonyesha mmea ulivyojipanga upya.

Hatua ya 4: Kuchukua jani

Chukua sampuli kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi, siku ya jua, miche ikiwa imeshapata mwanga wa saa tatu angalau. Siku ya mawingu mazito ahirisha. Kata sehemu ya kati ya jani la mwisho lililofunguka kabisa, ukiacha ncha na ukiacha mshipa mkubwa wa katikati. Weka kwenye mfuko mdogo juu ya barafu na uende maabara mara moja. Sampuli iliyokaa garini saa moja haina maana tena.

Pita kwenye makopo kwa mzunguko: rudio la kwanza la makundi yote sita, kisha la pili, na kuendelea. Ukimaliza kundi moja zima kabla ya kuhamia jingine, tofauti ya saa itajificha ndani ya tofauti ya makundi. Kipande cha jani lilelile kipime uzito kikiwa kibichi, kikaushe kwenye nyuzi 70 kwa siku mbili, kisha ukipime tena. Utaona kwa nini.

Hatua ya 5: Upimaji

Andaa bafa (mmumunyo unaoshikilia pH isibadilike) ya fosfeti ya potasiamu 0.1 M, yaani moli 0.1 kwa lita, yenye pH 7.5. Changanya mililita 84 za K2HPO4 na 16 za KH2PO4, zote za 0.1 M, kisha uhakikishe kwa kipima pH. Ongeza propanoli iwe asilimia 1 ya ujazo. Inalegeza utando wa seli ili nitrati iingie na nitriti itoke. Gawa bafa hiyo mara mbili. Nusu moja iongezee nitrati ya potasiamu iwe 50 mM, yaani 0.506 g kwa mililita 100. Nusu nyingine iache bila nitrati.

Kila jani ligawe katika sehemu mbili za 0.3 g, zikatwe vipande vyembamba vya milimita mbili hadi tatu kwa wembe mpya. Sehemu moja iende kwenye mililita 5 za bafa yenye nitrati, nyingine kwenye bafa isiyo nayo. Tayarisha pia mrija wa saa sifuri kwa kila kundi, ambao unauchemsha papo hapo.

Vipande vya jani huelea, na kipande kinachoelea hakifanyi kazi. Kama huna pampu ya kuvuta hewa, bomba la sindano la mililita 20 linatosha. Tia vipande na bafa ndani, toa hewa ya juu, ziba ncha kwa kidole, vuta kishikio nyuma hadi uone viputo vikitoka kwenye kingo za vipande, kisha achia. Ukirudia mara tatu au nne, jani litageuka kijani cheusi kama lililolowa na kuzama lenyewe.

Mimina kwenye mrija uliofungwa foili, uweke kwenye maji ya nyuzi 30 kwa dakika 60. Foili ni ya lazima: mwanga ukiingia, kloroplasti zitaendelea kula nitriti unayotaka kuipima. Muda ukiisha, tumbukiza mrija kwenye maji yanayochemka dakika tano ili kazi isimame na nitriti iliyobaki ndani itoke. Acha upoe.

Chukua mililita 1 ya maji hayo, ongeza mililita 1 ya sulfanilamidi ya asilimia 1 iliyoyeyushwa kwenye asidi hidrokloriki 3 M, kisha mililita 1 ya NED (dawa ya pili ya rangi) ya asilimia 0.02. Kadiri nitriti ilivyo nyingi, ndivyo rangi ya waridi inavyokolea. Subiri dakika 20, soma kwenye nanomita 540. Mstari wa ulinganisho unatokana na nitriti ya sodiamu: 0.069 g kwa lita ni 1 mM, na kutoka hapo tengeneza 0, 5, 10, 20 na 40 µM (mikromoli kwa lita). Rangi ikikolea kupita kiwango cha juu, zimua maji ya jani kabla ya kutia dawa za rangi. Kuzimua rangi iliyokwisha kukolea kunaleta namba za uongo.

Asiye na spektrofotomita anaweza kuilinganisha mirija kwa macho na ile ya mstari, juu ya karatasi nyeupe. Atapata kubwa, ya kati na ndogo, na kwa mafunzo ya sekondari hiyo inatosha.

Tahadhari moja ya dhati: nitriti ya sodiamu ni sumu, na kwa macho haina tofauti na chumvi ya mezani. Katika jaribio ambalo chumvi inapimwa kwenye mizani ileile, chupa yake iandikwe kwa herufi kubwa na ikae kabati lake. NED ishikwe kwa glavu. Asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kamwe si kinyume chake.

Hatua ya 6: Hesabu

Tuseme ulichukua mililita 0.2 za maji ya jani ukajaza maji hadi 1, yaani umezimua mara tano, na mstari ukakupa 36 µM baada ya kutoa saa sifuri. Mara tano ni 180 µM. Katika mililita 5 hizo ni nanomoli 900. Gawa kwa 0.3 g na kwa saa 1: nanomoli 3000, ambazo ni mikromoli 3.0 za nitriti kwa gramu ya jani bichi kwa saa.

Usiishie kwenye jani bichi. Jani la chumvini lina maji kidogo. Jani la kawaida lenye maji asilimia 90 lina 0.10 g za kitu kikavu kwa gramu. Likishuka hadi asilimia 85, ni 0.15 g. Kimeng'enya kisipobadilika hata kidogo kwa kila gramu kavu, hesabu ya jani bichi itakuonyesha kimepanda kwa nusu nzima. Toa namba zote mbili, bichi na kavu.

Kwa takwimu fanya uchambuzi wa tofauti wa njia mbili, chumvi na chanzo. Anza kuangalia mwingiliano wake, yaani kama athari ya chumvi inabadilika chanzo kikibadilika, kwa sababu swali lako lote liko hapo.

Kusoma matokeo

Kwenye kundi la nitrati, linganisha mirija yenye nitrati na isiyo nayo. Ikiwa chumvi imeshusha isiyo nayo, lakini yenye nitrati imebaki karibu na kundi lisilo na chumvi, kimeng'enya kipo na kinafanya kazi. Kilichokosekana ni nitrati ndani ya jani. Picha hii utaitarajia zaidi kwenye sampuli ya saa 24. Zikishuka zote mbili, kimeng'enya chenyewe kimepungua. Kufikia siku ya saba mara nyingi ndivyo inavyokuwa, maana kimeng'enya kinachovunjwa kila siku hakiwezi kujazwa ikiwa nitrati ya kuamsha utengenezaji wake haifiki.

Kwenye kundi la amoniamu, nitrati reduktasi itakuwa ndogo hata pasipo chumvi. Hiyo haimaanishi mmea mgonjwa. Haujaitengeneza kwa sababu hauihitaji. Kulinganisha namba za makundi haya mawili kama kipimo cha afya ni kupoteza muda. Kwa kundi hili pima glutamini sinthetasi. Saga jani kwenye barafu kwa bafa ya Tris yenye magnesi na kinga dhidi ya oksijeni, zungusha kwenye sentrifuji baridi, kisha upe kimeng'enya glutamati, ATP (molekuli inayobeba nishati ya seli) na haidroksilamini inayosimama badala ya amoniamu. Kinachotoka hushikana na kloridi ya chuma na kuwa rangi ya kahawia, nayo pia husomwa kwenye nanomita 540. Pima jani na mzizi vyote, kwa kuwa mmea wa amoniamu hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo mizizini, na kaboni inayotumika huko ni ileile ambayo mzizi ungeitumia kukua na kujilinda na sodiamu. Hiyo ni sababu mojawapo inayotolewa kwa nini mahindi na ngano vilivyolishwa amoniamu vimeonekana kuumizwa na chumvi kuliko vilivyolishwa nitrati. Mtama, kwa upande wake, umewahi kuonyesha kinyume, amoniamu ikiusaidia kushika potasiamu. Usihamishe jibu la nafaka moja kwenda nyingine.

Shambani

Anayelima mahindi kwenye udongo wa chumvi usiotuamisha maji ana sababu ya kupendelea mbolea yenye nitrati ndani yake, kama CAN (nitrati ya amoniamu iliyochanganywa na kalisi), kwa kukuzia. Urea lazima kwanza igeuke amoniamu, na chumvi huwapunguzia kasi bakteria wanaoifikisha kwenye nitrati. Kwenye udongo wa magadi, wenye pH ya juu ya 8.5, urea iliyomwagwa juu bila kufukiwa hupotea hewani kama amonia. Hapo SA (salfeti ya amoniamu) ina faida ya kuongeza asidi kidogo.

Mpunga ni habari nyingine. Kwenye majaruba yaliyofurika, iwe skimu ya Ndungu wilayani Same au delta ya Rufiji ambako maji ya bahari hupanda, udongo hauna oksijeni, na nitrati hugeuzwa kuwa gesi ikapotea. Mpunga umezoea amoniamu, basi upewe urea au SA, ifukiwe kwenye tope. Kote kuwili gawa mbolea katika mikupuo midogo, kwani kila kilo unayomwaga inaongeza chumvi kwenye maji ya udongo, na mche mchanga ndio unaoihisi kwanza.